Dola ya Ardith

Kila Jumanne Wendell Kratz alizungukia benki tatu za wilaya kwa pikapu yake, akiuliza swali lile lile: "Mna dola za sarafu?"

Zamani aliuliza kwa hamu. Alikuwa mmoja wa wale wazee wanaochukua sarafu benki, noti ya dola kwa sarafu ya dola, wakazipekue nyumbani kwenye meza ya jikoni. Adimu wanabaki nazo. Makapi, yaani zile za kawaida, wanayarudisha benki nyingine, maana ukirudisha palepale utakuja kuuziwa makapi yako mwenyewe.

Sasa alitafuta moja tu. Ilikuwa dola kubwa ya mwaka 1972, yenye kichwa cha Rais Eisenhower. Mkewe Ardith alipewa na baba yake siku ya harusi, akaikwaruza herufi A shingoni kwa sindano. Iliishi miaka yote ndani ya kikombe dirishani. Wiki ya mazishi ya Ardith, Wendell alikusanya makapi ya mezani, akamiminia humo na sarafu ya kikombe kile, akapeleka yote benki ya Harlan. Aligundua siku ya tisa. Hakulia. Alikiosha kikombe, akakifunika.

Wala siku Ardith alipofariki hakulia. Wakubwa, kama alivyowaita wote wanaoamua mambo kutoka mbali, walikuwa wameifunga hospitali ya wilaya, Ardith akafia njiani kwenda ya mbali, maili arobaini kabla ya kitanda. Wakubwa walituma barua ya pole yenye jina lililokosewa.

"Umechelewa, Mzee Wendell," keshia Marlys wa benki ya kwanza alimwambia Jumanne moja asubuhi. "Mpekuaji mwenzako Umbach kapita saa tatu, kabeba kubwa zote. Kumi na moja."

"Si ulisema utaniwekea?"

"Niliweka, meneja akaniona. Kuna waraka kutoka makao makuu, hakuna kumwekea mteja."

"Hao wa waraka wanajua hata sarafu inavyonuka?"

"Usinigombeze mimi, baba. Mimi nafungua droo tu."

Wendell hakuwahi kukanyaga kwa Umbach. Kwa miezi saba walikuwa wakipishana kwenye milango ya benki, wakisalimiana kwa kofia. Wapekuaji hawaambiani wanachotafuta; ukitaja tu, mwenzako ataamkia benki kabla yako. Ila siku hiyo alikuwa amechoka hata kuficha.

Alimkuta Umbach gereji, lenzi jichoni.

"Karibu, adui," Umbach alisema. "Umekuja kunipigia magoti?"

"Natafuta yenye A shingoni. Imekwaruzwa kwa sindano."

Umbach alishusha lenzi. "Ile? Mbona nilikuwa nayo mwezi wa tatu! Nilidhani mtoto kachezea msumari."

"Iko wapi?"

"Imeharibiwa, bwana, ni kapi. Niliirudisha Harlan."

"Harlan wamefunga."

"Ijumaa iliyopita. Likaja gari la chuma la kubebea fedha, likazoa kila kitu. Sasa zimechanganywa na za majimbo sita huko." Alimtazama. "Ilikuwa ya nani?"

"Ardith."

Umbach akaguna. "Ungeniambia, Wendell! Miezi saba tunapigiana kofia kama mabubu! Ningekuletea mpaka mlangoni."

Wendell aliisubiri hasira. Ilikuwa haikosi kuja, hasa juu ya wakubwa. Gari la chuma lilikuwa lao, na benki waliifunga wao. Haikuja. Mwezi wa tatu ile sarafu ilikuwa juu ya meza hii, na benki ya Harlan ilikuwa wazi, na yeye alikuwa na mdomo.

"Humu kuna mbili za mwaka huo huo," Umbach alisema kwa sauti ya chini. "Chukua moja. Kwaruza mwenyewe."

Wendell alichukua, akaacha noti ya dola mezani, maana hiyo ndiyo bei yake.

Hakupita benki moja iliyobaki. Aliingia mgahawa wa barabarani, akaagiza kahawa na pai ya tufaha, akalipa kwa noti, na juu yake akaweka ile sarafu ya Umbach, bila kuikwaruza, kama bahashishi.

Mhudumu, mama wa makamo, aliigeuza. "Hii nayo ni pesa, mzee?"

"Wakubwa wanasema ndiyo."

"Basi kama wamesema," mama alicheka, akaitupia mfukoni mwa aproni, akaenda meza nyingine.

Wendell alikula pai. Ilikuwa ya jana, ngumu pembeni. Aliimaliza yote.