Vioo Ishirini na Vinne

Waliambiwa wafike saa moja na nusu. Sasa saa tatu ilikuwa imepita, na mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu ulikuwa umefunguliwa mara nne tu, mara zote kwa wazazi waliokuja na magari. Mama Kidole aliketi kwenye ncha ya benchi, nusu ya makalio hewani, akiifunga upya kamba ya kiatu cha binti yake ambayo haikuwa imefunguka. Kazini alikuwa ameomba ruhusa ya muda wa saa mbili. Saa nne watoto wa chekechea anakofagia hutoka kwenda mapumziko, na wakitoka lazima wakute vyoo vimeoshwa. Mwenye chekechea, ambaye wote humwita Madamu, si mtu wa kuambiwa habari za foleni.

"Anza tena," alimwambia mtoto.

"Nimeshasema mara tatu, mama."

"Sema ya nne. Kurudia si dhambi."

Msichana alihema, akainua kidole cha shahada, akaanza kuandika hewani huku akitaja herufi moja moja. Hapo ndipo lilipotoka jina lake la Kidole. Aliandika kwenye vumbi, kwenye mvuke wa sufuria, kwenye mgongo wa mama yake alipobebwa. Majirani walikuwa wakisema chanda chema huvikwa pete, na mama yake akacheka kama asiyejali, kumbe usiku hakulala kwa furaha.

Kuanza darasa la kwanza katika shule hii ya serikali kulitaka mtoto ajue herufi zote kabla hajafika kufundishwa herufi. Aliyeuliza kwa nini alijibiwa kwamba ndivyo ilivyo. Shule nyingine ya serikali iko mbali, hapana mtoto wa miaka sita anayeweza kwenda huko kwa miguu akarudi mzima.

Kwa hiyo miaka miwili iliyopita Mama Kidole alitafuta chekechea. Mtaani kwao ilikuwepo ya Bibi wa Kona: sebule moja, watoto arobaini, redio ikiwaka kutwa. Alikwenda kuitazama mchana mmoja akawakuta wamelazwa mkekani kama magunia, anayeamka anaambiwa alale tena. Alimwuliza Bibi wa Kona wanasoma saa ngapi. "Mwanangu," alijibu yule bibi, wala hakuona haya, "mimi nawashika wasigongwe na magari. Kusoma watasoma mbele ya safari."

Ya pili ilikuwa hiyo anayoifagia, yenye ukuta wa njano na bembea tatu. Alijikaza akamwomba Madamu nafasi. Madamu hakufoka. Alimwangalia kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi.

"Mwanao nampenda," alisema. "Lakini wazazi wangu watasemaje wakikuta mtoto wa mfagiaji kakaa kiti kimoja na watoto wao? Mlete, akae baraza ya nyuma. Ila asipige kelele."

Akachagua baraza. Watu walimcheka, wakasema amemwacha Bibi wa Kona mwenye paa akafuata kivuli cha matajiri. Lakini barazani palikuwa na dirisha la darasa la wakubwa, la vioo vidogo ishirini na vinne, na kwenye kila kioo mwalimu alikuwa amechora herufi moja kwa rangi nyekundu. Kidole alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nje ya dirisha hilo, miaka miwili mizima. Darasa likiimba naye aliimba kimoyomoyo. Mwalimu akigonga kioo kwa fimbo, yeye alichora mchangani. Mama yake, ambaye hajawahi kukalia dawati hata siku moja, alikuja na ufagio wake, akatazama kioo, akatazama mchanga. Vilifanana, hata kipande kimoja hakikupungua. Kila jioni alihakiki hivyo, na kila asubuhi alivipangusa vile vioo mwenyewe ili mwanawe aone vizuri.

"Wa mwisho, ingieni," sauti iliita kutoka ofisini.

Ndani walikuwepo wawili: mwalimu mkuu, mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na mwalimu wa darasa la kwanza, msichana ambaye alionekana kama aliyemaliza chuo juzi.

"Ondoa wasiwasi, mama," mkuu alisema bila kuinua macho. "Usaili umepigwa marufuku. Haya ni mazungumzo tu. Chekechea gani?"

"Ile ya ukuta wa njano."

Hapo mkuu aliinua macho. Akatazama viatu vya mtoto, akatazama mikono ya mama, iliyopauka kwa sabuni ya vyoo.

"Ya Madamu? Haya. Mtoto, andika herufi zote unazozijua."

Kidole alipewa karatasi na penseli. Aliinama hadi pua ikakaribia meza, akaanza upande wa kulia, akaja kushoto, bila kusita na bila kufuta. Mstari wa kwanza herufi sita, wa pili sita. Mama yake alisimama nyuma akibana vidole vya miguu ndani ya ndala. Kila herufi aliijua kwa umbo. Zilikuwa zilezile, zimenyooka kama zimepigwa chapa, na alitaka kucheka.

Aliyecheka ni mkuu.

"Ishirini na nne, na zimegeuka," alisema. "Tazama B hii, imetazama ilikotoka. Mama, huyu mtoto ana tatizo."

"Tatizo gani, mwalimu? Ndivyo zilivyo. Nazijua mimi, napangusa kila siku."

Mwalimu kijana aliichukua karatasi. Aliitazama kwa muda, kisha akaigeuza, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Kwa nyuma ya karatasi herufi zote zilisomeka sawasawa, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.

"Nani alikufundisha?" alimwuliza mtoto taratibu.

"Dirisha."

"Ulikuwa umekaa upande gani?"

"Nje."

Mama Kidole alielewa. Miaka miwili alikuwa akiingia mle darasani na ufagio, akitoka, akiingia, na hakuwahi kusimama ndani akatazama.

"Mkuu, mtoto huyu anajua," mwalimu kijana alisema. "Anajua kuliko hao wote wa leo. Nipe wiki mbili tu. Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu keshakunjwa." Mkuu alivaa miwani. "Nina viti arobaini na watoto mia moja sitini. Ukikaa kuwageuza mmoja mmoja, watakaofundishwa ni wangapi? Au hukumbuki kwamba bado hujathibitishwa kazini?"

Mwalimu kijana aliiweka karatasi mezani, upande wa nyuma ukiwa juu.

"Amefeli?" Mama Kidole aliuliza.

"Mazungumzo hayana kufeli, mama. Hakuchaguliwa. Mwakani atakuwa na miaka mingapi?"

"Saba."

"Hapo utakuwa mtihani mwingine. Tunachukua wa sita." Akaandika mstari mmoja kwenye fomu, akaigonga muhuri.

Mama Kidole aliomba asomewe. Mwalimu kijana ndiye aliyemsomea, sauti ikiwa chini: mtoto ana kasoro ya akili, apelekwe shule maalumu. Iko wapi hiyo shule? Mkuu alisema hakuna hapa karibu, wawaulize wazazi wenzao wenye watoto kama huyo.

Njiani alimvuta mtoto mkono mpaka akalalamika. Alitaka kumwambia hukukosea, akaona kwamba atalazimika kumweleza nani aliyekosea, na hilo hakuwa na maneno yake. Alipofika kwenye ukuta wa njano ilikuwa saa nne na nusu. Simu ya mwalimu mkuu ilikuwa imefika kabla yake.

"Umenivunjia jina," Madamu alisema, amesimama kati ya bembea, watoto wakimzunguka. "Mtu mzima ananipigia anacheka, ananiuliza siku hizi nafundisha nini. Nilikupa baraza, sikukupa shule yangu."

"Nisamehe, Madamu."

"Sikufukuzi. Mimi nina moyo. Stoo kuna rangi nyeupe iliyobaki. Lile dirisha la nyuma lipake lote, lisionekane kitu. Paka kwa nje. Ndani usiguse, watoto wanazihitaji herufi."

"Darasa litakuwa giza, Madamu."

"Watawashiwa taa."

Alianza na vyoo, kwa sababu vyoo vilikuwa vimechelewa. Kisha akachukua kopo na brashi, akaenda barazani. Kidole alikuwa ameshakaa juu ya ndoo yake. Ndani mapumziko yalikuwa yamekwisha, mwalimu akagonga kioo cha kwanza kwa fimbo na darasa zima likaitikia. Mama Kidole alisubiri fimbo ihamie cha pili, ndipo akapaka cha kwanza. Walikwenda hivyo, fimbo ikitangulia na brashi ikifuata, na mtoto akitaja kila herufi kwa sauti ya chini kabla haijazibwa. Rangi ilimchuruzikia hadi kiwikoni, asisimame kujifuta.

Ndani taa iliwashwa. Alirudi nyuma hatua mbili atazame kazi yake, maana Madamu angekuja kukagua.

Kidole alishuka kwenye ndoo. Alitembea mbele ya dirisha polepole, akikagua kioo kimoja kimoja kama mama yake alivyokuwa akimkagua yeye kila jioni. Kwenye safu ya chini alisimama, akanyoosha kidole bila kugusa rangi.

"Mama," alisema, "hapa bado panaonekana."

Mama yake alichovya brashi.