Ubao wa Kumbembelezea Kibonge

Kibonge alikuwa mtoto wa raha zake. Alikula chochote, alimchekea yeyote, na mashavu yake yalifinywa na mtaa mzima bila yeye kuweka kinyongo. Ila usingizi wake ulikuwa na masharti, na masharti hayo aliyajua mtu mmoja tu, baba yake. Tuseme wawili, maana dada yake wa miaka saba naye aliyajua, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa sababu binti huyo hakuitwa Spika bure.

Baba mtu alikuwa seremala. Mwenye karakana alimofanyia kazi aliamua kulipangisha jengo lake kwa wauza vigae, na mambo hayo yakaangukia wakati uleule likizo ya uzazi ya mkewe ilipokuwa ukingoni. Mkewe alikuwa fundi umeme, tena si wa kukaa chini na bisibisi; yeye alikuwa wa kupanda nguzo. Basi wakakaa mezani, wakatazamana, wakamtazama Kibonge aliyekuwa akinyonya kidole cha mguu wake mwenyewe, na shauri likaisha bila maneno mengi. Mama arudi kwenye nguzo, baba abaki na nyumba.

Alidhani kazi yenyewe ni lelemama. Alianza kwa penseli sikioni kama alivyozoea, akachora mistari kwenye mpini wa mwiko: hapa maji ya uji, hapa maji ya wali, hapa usivuke utajuta. Alivuka mara nyingi na akajuta kila mara. Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema, na mkewe alikula uji wa kukatwa kwa kisu akausifu, kwa hiyo kazi ikaendelea.

Masika yakaingia. Nguo za mtoto zikagoma kukauka, baba akafunga kamba sebuleni, akafunga chumbani, akafunga mpaka juu ya meza ya kulia, hata mtu akitaka chumvi ilibidi kwanza apigane na suruali mbichi. Mvua hizohizo zilikuwa zikiangusha nyaya kila kona, na mama alikuwa akiitwa asubuhi, mchana na jioni. Alitoka na buti, kofia ngumu na mkanda wa kupandia, akarudi ameloa chapachapa, amechoka hata kutafuna ni kazi.

Ni katika mvua hizo Kibonge alipoamua kwamba kulala ni upuuzi. Baba alimtembeza, akamrusha, akamwimbia kwa sauti ambayo mbuzi angeionea haya. Kibonge akalia zaidi. Mchana mmoja, akiwa amechoka kujaribu, baba alimfunga mgongoni na kuushughulikia mlango wa nyuma, uliokuwa umevimba kwa unyevu hata haufungiki. Alichukua kipande cha msasa, akaanza kuusugua ukingoni. Hrrr, hrrr, hrrr. Hakufika nusu ya mlango, akasikia kichwa kizito kikimwangukia begani. Aliposimama, kichwa kikainuka na kilio kikarudi. Aliposugua, kimya. Akasugua mpaka mvua ikakatika, na mlango huo tangu siku ile hufungwa kwa kusukumwa na kidole.

Tatizo ni kwamba mlango ungekwisha. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa amri ya mama. Kibonge alizaliwa na kifua cha kukohoakohoa, na siku baba aliporudisha vifaa vyake kutoka karakana, mkewe alisimama mlangoni akasema vumbi la mbao halitaingia kwenye mapafu ya mtoto wake, awe mume wake seremala au asiwe. Kwa hiyo baba alitafuta ubao wa mbao ngumu, mnene kama tofali, na msasa uliokwisha makali, wa kutoa sauti zaidi ya vumbi. Kila akimaliza aliufuta ubao kwa kitambaa cha maji, akauficha uani kwenye sehemu ya kufulia, chini ya ndoo iliyopinduliwa. Ukweli hata mbu asingekohoa. Lakini amri ni amri.

Spika alimfumania siku ya pili tu. Wakajadiliana kama watu wazima, na bei ya kunyamaza ikawa kufundishwa kupiga misumari. Mama alipouliza mtoto analala vipi siku hizi, baba alijibu kwamba anamwimbia. Mkewe, aliyeijua sauti ya mumewe tangu uchumba, alimtazama kwa muda mrefu kidogo, kisha akaenda kuoga.

Kipupwe kilipofika, baba alikuwa ameshika usukani. Alijua soksi gani inatafuna kisigino cha Spika, alijua kuchanganya maji ya kuoga ya mtoto kwa kiwiko, alijua namna ya kumfuta Kibonge kamasi kabla hajageuza uso. Jirani yao mshonaji, ambaye cherehani yake ya umeme iliunguruma upande wa pili wa ukuta kutwa kucha, hakuchoka kumtania.

"Shemeji, umeolewa lini nasi hatukualikwa?"

"Nimeolewa mahali pazuri," baba alijibu huku akianika nepi. "Mwenzangu ananitunza."

Hakuwa akijikaza kisabuni. Alifurahi kweli. Alipenda ukimya wa nyumba baada ya Spika kwenda shule, alipenda uzito wa Kibonge mgongoni, alipenda kujua kwamba duniani kuna mtu asiyeweza kusinzia bila yeye. Hilo la mwisho alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mwenye shida alikuwa mama. Kamba, vyuma na nguzo vilikuwa vimemkausha viganja vikawa vikavu na vya kukwaruza, hata akishika kitambaa chepesi nyuzi zinanasa. Kila jioni alivipaka mafuta, na kila siku kazi ikavirudisha vilevile. Aliogopa kumchubua mtoto. Kwa hiyo akimpapasa alimpapasa kwa mgongo wa mkono, akimbeba alimweka juu ya mikono ya mbele, kama mtu aliyeazimwa sahani ya kioo na mwenyewe anamwangalia. Alijua kuimba, tena vizuri, na mara alipowahi kurudi alimchukua Kibonge na kumwimbia. Kibonge alisikiliza kwa heshima, akapiga makofi, halafu akamnyooshea baba mikono na kuangua kilio. Mama alimkabidhi huku akicheka. Kicheko hicho hakikufika machoni, na baba alikiona.

Kiangazi kikaja na joto lake, transfoma zikawa zinazidiwa, mama akawa anarudi uso umejaa masizi. Hatimaye akapewa likizo ya wiki moja. Siku ya kwanza tu, kabla hata ya chai, alitangaza kwamba wiki hiyo mtoto asiguswe na mtu wakati wa kulala. Atamlaza yeye.

Mambo yakaenda segemnege. Aliimba nyimbo zote anazojua, akatunga nyingine. Alimtembeza sebuleni mpaka zulia likaanza kuonyesha njia. Kibonge alilia, akalala kwa kuchoka tu, akashtuka baada ya muda mfupi akimtafuta baba. Siku zikapita hivyohivyo, na Ijumaa jioni, wakiwa wanakunja nguo, mama akasema bila kuinua uso kwamba Jumatatu atamwomba bosi amtoe kwenye nguzo ampe kiti ofisini.

"Mtoto hanijui," alisema. "Nikiendelea huko juu, atakua akiniona kama fundi aliyekuja kutengeneza umeme."

Baba alikunja shati lilelile mara tatu. Alikumbuka alivyokuwa mkewe wakati wa ujauzito, walipomketisha ofisini kupokea simu. Alikuwa akirudi nyumbani amenywea, akihadithia nguzo alizoziona dirishani. Mwanamke huyu aliipenda kazi yake kuanzia buti mpaka kofia, na sasa alikuwa tayari kuiacha kwa sababu ya ubao uliofichwa chini ya ndoo. Akachukua shati jingine, akalikunja. Usiku huo alijiona mtu mdogo sana.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana joto lilikuwa halisemeki. Sebuleni mama alitembea akiimba kwa sauti iliyoanza kukwama na Kibonge alilia juu ya wimbo. Uani baba aliosha vyombo, na Spika alisimama kando yake akimkodolea macho.

"Baba," alisema, "mimi nimenyamaza mpaka tumbo linaniuma."

Baba akaweka sufuria chini. Akajifuta mikono kwenye suruali, akapindua ndoo, akachukua ubao na msasa, akaingia navyo ndani akiwa amevishika mbele kabisa, waziwazi.

"Mimi siimbi," alimwambia mkewe. "Sijawahi kumwimbia. Namsugulia ubao."

Mama aliacha kutembea. Akautazama ule ubao, ambao wakati wa masika ulikuwa mnene kama tofali na sasa ulibaki mwembamba kama rula ya shule.

"Tangu lini?"

"Tangu mlango ulipovimba."

"Nami nimeimba wiki nzima mpaka koo limekauka. Ulinisikia, ukanyamaza."

Baba alisema aliogopa amri ya vumbi. Kisha akaona hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu haitoshi.

"Na nilipenda anihitaji mimi peke yangu," akasema. "Nisamehe."

Angependelea afokewe. Mama hakufoka. Aliketi kwenye zulia, akaegemea kochi, akamlaza Kibonge kifudifudi kifuani pake, akanyoosha mkono wa kulia.

"Lete. Nionyeshe."

Baba akamshikia ubao pembeni yake na kumwonyesha: unafuata mishipa ya mbao, unakwenda mbele polepole, unainua, unarudi. Mama akaanza. Alikuwa na nguvu za kuvuta nyaya, na ubao uliguna kwa mkono wa mtu wa aina hiyo. Hata hivyo Kibonge akanyamaza. Aliinua kichwa, akamtazama mama yake kama msimamizi anavyomtazama kibarua mpya, kwa mashaka lakini si kwa ubaya. Baba akanong'ona kwamba apunguze. Mama akapunguza. Kope za Kibonge zikaanza kushuka, zikapanda, zikashuka tena. Spika, kwenye kizingiti, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Ndipo ubao ukavunjika. Krak, vipande viwili, kimoja kikaruka chini ya meza.

Macho ya Kibonge yakafunguka wazi na mdomo wa chini ukaanza kupinduka, ule mdomo ambao watu wa nyumba hiyo waliujua vizuri. Mama aliutupa msasa. Kwa kuhamanika akamwekea mtoto kiganja mgongoni, kiganja kizima, akaanza kumsugua juu ya fulana yake ya pamba, amesahau kabisa kwamba huwa hafanyi hivyo.

Hrrr, hrrr, hrrr.

Baba ndiye aliyeisikia kwanza, maana masikio yake yalikuwa ya kazi hiyo. Ilikuwa sauti ileile. Kama angeulizwa ni msasa wa aina gani, angesema ni ule laini, wa kumalizia, ambao fundi huutumia mwisho kabisa mbao ikiwa tayari. Mdomo wa Kibonge ukarudi mahali pake. Akavuta pumzi ndefu yenye kwikwi mbili ndani yake, akageuza shavu likalala kwenye shingo ya mama, akaondoka na usingizi.

Mama aliendelea kusugua huku akiutazama mkono wake kama si wake.

"Ni mkono wangu," alisema taratibu. Machozi yalikuwa yakimtiririka na wala hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kazi na mwingine umembeba mtoto.

"Usiupake mafuta tena," baba alisema.

Mama akacheka kwa pua, asimtikise mtoto. Safari hii kicheko kilifika machoni. Baba akaketi karibu yake na vipande vya ubao mapajani, akijihisi kama mtu aliyefukuzwa kazi na kupandishwa cheo kwa siku moja. Akauliza vipi kuhusu Jumatatu. Mama akajibu kwamba Jumatatu transfoma zitakuwa zimezidiwa tena na nguzo zinamsubiri. Kiti cha ofisi wampe mwenye kukipenda.

Hakuwa amemaliza kusema feni ikaanza kuzunguka kivivu, ikasimama. Upande wa pili wa ukuta cherehani ikakata muungurumo katikati ya pindo. Umeme ulikuwa umekwenda, na mtaa mzima ulijua fundi yuko nyumbani. Siku nyingine, likizo au si likizo, mama angekuwa ameshavaa buti kabla hajaitwa. Mshonaji akaita kutoka nje, na sauti nyingine mbili tatu zikamfuata. Baba akanyoosha mikono ampokee mtoto. Mama akatikisa kichwa, kiganja chake kikaendelea kwenda na kurudi kwenye ile fulana.

Basi akatoka Spika. Alisimama mlangoni mbele ya watu waliokuja, akaweka kidole mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, akanong'ona.

"Mama analaza mtoto. Subirini."

Mshonaji akaketi kwenye ngazi. Wengine nao wakaketi.