Orodha ya Sababu Nne

Saa mbili asubuhi Viateur Habarurema alimkuta Mama Domitille ameshaketi mbele ya kompyuta, daftari kuukuu limefunguliwa mapajani. Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa mlipuko wa volkano, na waasi walikuwa wameifunga barabara ya Rutshuru pale Kibumba. Ofisi yao ya mtaa wa Mapendo ilikuwa na kazi moja: kuingiza kwenye kompyuta madaftari ya walinzi wa mbuga, ili historia ya wanyama isije ikateketea.

Programu aliitengeneza Viateur mwenyewe. Aliamini kwamba ukurasa mzuri haumchoshi mtu: herufi kubwa, kitufe kimoja cha kijani, orodha fupi. Kwenye swali la sababu ya kifo aliweka majibu manne: Uzee, Ugonjwa, Ujangili, Haijulikani. Mwanzoni yalikuwa matano. La tano lilikuwa Askari. Mkurugenzi aliliona akasema, "Ondoa ile. Wale basoda wa zamani leo ni wakubwa jeshini." Viateur aliliondoa mkurugenzi akiwa bado amesimama mlangoni.

Lakini madaftari yalisema wazi: viboko sita, mtoni, wamepigwa risasi na askari, nyama imepakiwa kwenye lori. Domitille alisoma, akatafuta kwenye orodha, akabofya Haijulikani mara sita; na kurasa za namna hiyo zilikuwa nyingi.

Viboko walianza kuja Jumanne. Wa kwanza aliteremka na barabara ya Rutshuru, akapita kwa waasi, akapita kwa jeshi, hakuna aliyemuuliza kitambulisho. Akalala uani juu ya mawe meusi, na tundu la risasi nyuma ya sikio. Kufikia Ijumaa walikuwa wamejaa hadi barabarani, na wenye pikipiki wakawa wanawazunguka. Jirani, Mama Apolline, alikuja kulalamika.

"Papa Viateur, hawa wenu wanamaliza maharagwe yangu."

"Utusamehe, mama."

Viboko walimtazama Viateur dirishani kwa subira, kama watu waliopanga foleni. Akaanza kufanya kazi akiwa amewapa mgongo.

Jumatatu ikafika zamu ya walinzi waliofia kazini. Ukurasa ulikuwa uleule, na orodha ni ileile. Domitille akamwita. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na jina la Twagirimana, mumewe, aliyeandika habari za wale viboko kwa mkono wake, kisha akasimama mbele ya lile lori la nyama akikataa lipite.

"Papa Viateur, bwana yangu nimuandike nini?"

Viateur aliisogelea meza, akaisoma orodha upya.

"Ugonjwa hakuwa nao. Uzee hakuufikia. Nani alimuua, unajua, na miye najua."

Kurudisha neno moja kungechukua dakika moja. Viateur alishika kipanya, akamfikiria mkurugenzi, akawafikiria watoto wake na shule yao. Akakiachia kipanya.

"Weka tu Haijulikani, mama. Kwa sasa."

Domitille akageukia kioo, akabofya.

Twagirimana alifika mchana, koti la kazi limelowa, lina tundu moja kifuani. Viateur alimpa kiti. Domitille alimwandalia bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, naye akala polepole, akanawa, akaenda kusimama nyuma ya mkewe akisoma kioo hadi mwisho.

"Ni wewe ulitengeneza hii, mutoto wangu?"

"Ndiyo, muzee."

"Iko muzuri. Hata mutu asiyesoma sana anaweza kuitumia."

Alisema bila kejeli. Kofi lisingemuuma Viateur kama maneno hayo. Mzee akatoka, akaketi uani katikati ya viboko, na tangu siku hiyo amekuwa akiketi hapo.

Yalibaki majina arobaini na moja ya walinzi. Jioni ile Viateur aliifungua programu, Domitille amesimama nyuma ya bega lake, akingoja. Aliona kwamba Haijulikani iko chini kabisa ya orodha, na kila mara mama huyu inambidi ateremke kuifuata. Akaihamishia juu kabisa.