Ukili Darasani

Kaka yangu Matano, tuliyesoma darasa moja, alikuwa hatulii. Mwalimu akigeukia ubao, yeye yuko dirishani. Akigeuka tena, keshaingia chini ya dawati. Kijiji kizima cha Ndagoni kilijua kwamba Matano ana shida, na kwa kuwa ilijulikana, dawa ilitafutwa: kila kipindi kikiisha alitumwa akachote maji ya bustani ya shule. Akirudi jasho linamtoka, alikaa akasoma kama watu.

Mimi sikuwa na shida, eti. Mtoto wa kike amekaa kitako, mikono mapajani, mdomo kimya, shida iko wapi? Kumbe akili imeshatoka na nzi aliyepita. Somo likiisha nilikuwa sijui hata lilihusu nini. Nikitumwa chumvi kwa jirani, nilifika nikasahau kilichonipeleka. Kwa hiyo Matano aliitwa mtundu, mimi nikaitwa mvivu, na mama alianza kunong'ona habari za pepo.

Hayo yalikuwa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Mtihani wa darasa la nne ulipokaribia, baba alikata shauri: Matano aendelee, Mashavu, yaani mimi, atoke shule akae ndani, angoje mume. Nililia mpaka macho yakavimba. Shule nilikuwa naipenda, japo ilikuwa inanipita tu.

Aliyenisaidia ni Mwalimu Getrude, mama wa Kihaya aliyeletwa kwetu na serikali. Katika kipindi cha kujitegemea wasichana tulisuka majani ya miyaa kuwa ukili wa kushonea mikeka ya shule kuuza, naye alitusomea gazeti. Siku moja aliuliza alichosoma. Wenzangu walikuwa wamesahau. Mimi, mikono ikiendelea kusuka, nilimrudishia habari yote, mpaka bei ya pamba.

Alinitazama sana. Kesho yake, kwenye hesabu, aliniwekea miyaa mezani.

"Suka, mwanangu, huku unanisikiliza."

Darasa zima lilicheka. Matano naye akataka, akasuka kidogo, akautupa ukili na kukimbilia ndoo yake. Mimi nilisuka, na kwa mara ya kwanza nilisikia somo la hesabu toka mwanzo hadi mwisho.

Jioni hiyo mwalimu alipiga hodi kwetu. Baba alimkaribisha barazani.

"Mzee Mabruki, nimesikia unamtoa Mashavu."

"Hana kichwa cha shule, mwalimu. Matano angalau sababu yake tunaiona, hakai. Huyu anakaa na bado haelewi."

"Huyu naye anakimbia, mzee, ila anakimbilia ndani. Ndiyo maana hamkumwona. Hana pepo, wala si mvivu."

Aliniita na ukili wangu, akanipa hesabu moja baada ya nyingine. Nilijibu zote bila kuinua macho. Nilipoyainua, nilimwona baba amefunika uso kwa kofia yake.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilitolewa chuoni kwa hayo hayo. Waliniambia nina pepo, wakanifukiza ubani mpaka nikazimia. Mpaka leo Kurani siwezi kuisoma. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kwa baba yangu kumwambia maneno haya."

Kisha akanigeukia.

"Kesho uende shule."

Nilisoma, nikawa mwalimu. Lakini kila nikimwombea dua Mama Getrude, namshukuru kwanza kwa ajili ya baba, ambaye jioni ile alijua, katika utu uzima wake, kwamba hakuwa na pepo.