Jiwe Lenye Maneno ya Sturla

Shangazi yangu Hallbera na mumewe Sturla walikaa miaka kumi na moja bila kusemeshana, na chanzo chake kilikuwa kondoo dume.

Kwetu kila mtu ana alama yake ya kukata masikio ya kondoo, na imeandikwa kitabuni. Ya Hallbera ni pengo upande wa nyuma wa sikio la kushoto. Ya Sturla ni pengo upande wa mbele, sikio lilelile. Vuli moja, tulipowateremsha kondoo kutoka mlimani na kuwagawa zizini, akatokea dume mnene mwenye pembe za kujikunja, na sikio la kushoto hana. Limeliwa na baridi au na mbweha, nani ajuaye. Hallbera akashika pembe moja, Sturla akashika ya pili.

"Huyu wangu."

"Wako wa wapi? Wangu huyu!"

Bárður, tunayemwita mfalme wa mlima, ndiye anayeongoza msako wa kondoo, na neno lake zizini ndilo la mwisho. Alimgeuza yule dume huku na huku, akajikuna kichwa, akasema hajui. Basi dume akaenda nyumbani kwao bila mwenyewe, akala majani yao miaka saba, akafa kwa uzee. Ugomvi ukabaki.

Hawakuachana, wala hawakutengana vyumba. Walizungumza kupitia mbwa. "Kátur, mwambie huyo bwana kahawa inapoa." "Kátur, mwambie huyo mama nimeiona." Kátur alimtazama huyu, akamtazama yule, akatikisa mkia, na ujumbe ukawa umefika. Nimekula mara nyingi kwenye meza ile, na sijapata kuona mbwa mwenye kazi nyingi kama yule.

Mimi nafanya kazi kwenye mashine za kusafisha hewa, pale kwenye uwanja wa mawe ya volkano nyuma ya shamba lao. Feni kubwa zinavuta hewa, vichujio vinakamata hewa ukaa, ile iliyozidi angani mpaka ikaipasha dunia joto na kuiyeyusha barafu yetu ya milimani. Tunaichanganya na maji, tunaisukuma chini kabisa, na huko, baada ya miaka miwili, inageuka jiwe. Mkurugenzi wetu, Eyvör, ni binti mwenye shahada nyingi na subira kidogo. Kila mkutano wa kijiji alikuwa na wimbo mmoja: "Kinachoingia kwenye feni hakipotei. Hata chembe." Kauli hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mwezi wa Septemba Sturla alikuja kumtafuta kondoo jike aliyepotea, maana kondoo wanapenda kulala nyuma ya mashine zetu, pana joto. Nilimwona akikaa chini mbele ya feni namba nne, mkono kifuani. Nikakimbia. Akanikamata kola.

"Ketill," akasema, "mwambie Hallbera..."

Nywele zilinisimama. Miaka kumi na moja sikumsikia akilitaja jina lile. Akavuta pumzi.

"Mwambie yule dume alikuwa wangu."

Akakata roho.

Sasa niambieni ninyi. Ningempelekea mjane maneno hayo?

Baada ya mazishi tulikwenda ukumbini kunywa kahawa, kama ilivyo desturi, na keki zilikuwa nyingi kuliko waombolezaji. Shangazi akanivuta pembeni.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini?"

"Alisema, 'Mwambie Hallbera,'" nikajibu.

"Halafu?"

"Halafu... shangazi, alikuwa ameielekea feni. Yaliyobaki yalivutwa na feni."

Niliona haya hata kabla sijafunga mdomo. Lakini yeye hakulia. Aliweka kikombe chini, akaita kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa ukumbi.

"Eyvör! Kinachoingia kwenye feni zenu kinapotea?"

Eyvör alikuwa na keki mdomoni. "Hata chembe, mama."

"Kinakwenda wapi?"

"Kinageuka jiwe. Ni miaka miwili tu."

"Asante, mwanangu," akasema shangazi, akachukua kipande cha keki. Jioni ile alitia msalaba mwekundu kwenye kalenda ya mwaka wa pili, ambayo ilimbidi kwanza aichore mwenyewe.

Kwa miaka hiyo miwili kijiji kizima kilijadili suala hilo kwenye bwawa la maji moto, watu wamezama mpaka shingoni, theluji inawaangukia utosini. Wengine walisema Sturla aliomba radhi. Wengine wakasema thubutu, Sturla yule? Lakini hakuna hata mmoja aliyesema kwamba maneno hayawezi kuwa jiwe. Kampuni yenyewe imesema, na kampuni ina wataalamu. Shangazi alikonda. Kátur naye, kwa kukosa wa kumpelekea ujumbe, alikaa katikati ya jikoni akiangalia kiti kitupu. Kila nilipotaka kusema ukweli, shangazi aliniongezea nyama, nami nikatafuna.

Siku ya msalaba mwekundu alifika ofisini kwetu na mbwa na toroli. Kwa bahati mbaya siku hiyo tulikuwa na mgeni, Bwana Urs, aliyetoka ng'ambo. Kampuni yao huko inachafua hewa, kisha inanunua usafi kwetu na kupewa hati.

"Nimekuja kuchukua maneno ya mume wangu," shangazi akasema.

Eyvör akatabasamu kitaalamu. "Mama Hallbera, feni inakamata hewa. Maneno si hewa."

"Wewe unasemea nini, kisigino?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Maneno yanatoka na pumzi, pumzi iliingia kwenye feni. Ama mlikuwa mnatudanganya, vitu vinapotea humo?"

Bwana Urs aligeuka akamtazama Eyvör. Eyvör alimtazama Bwana Urs, akatazama hati zilizokuwa mezani, na nikaona shahada zake zote zikimkimbia moja baada ya nyingine.

"Hakuna kinachopotea," akasema kwa sauti ndogo. "Ketill, kawashe mashine ya kutobolea."

Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilikwenda nikawasha mashine, na ninajichukia kwa hilo mpaka leo. Tulichimba siku tatu. Tukatoa kipande cha jiwe jeusi, la mviringo kama mchi, urefu wa mkono mpaka kiwiko, lililojaa madoa meupe. Meupe ndiyo ile hewa iliyoganda.

Shangazi akanyoosha mikono. Bwana Urs akaingia katikati.

"Samahani sana," akasema. "Hewa ya mwezi ule tuliinunua sisi. Hati hii hapa. Jiwe lazima lirudi chini."

"Ulinunua pumzi ya mume wangu?"

"Tulinunua Septemba yote, mama."

"Jiwe lako lina alama?"

"Lina hati."

"Karatasi haina masikio," shangazi akasema. "Tutakwenda zizini."

Ilikuwa wiki ya kugawa kondoo, kwa hiyo wilaya nzima ilikuwapo, na kila mtu anajua kwamba kitu kilichopotea mahali pasipo uzio kinaamuliwa na mfalme wa mlima. Tukalisukuma jiwe kwa toroli mpaka katikati ya zizi. Bárður akafuta miwani. Akalipapasa jiwe kama anavyompapasa kondoo, juu mpaka chini, na mwishoni kidole chake kikazama. Palikuwa na pengo. Ni mashine yangu iliyolibanja wakati wa kulitoa, lakini nani angeniuliza?

"Lina kata," Bárður akatangaza. Zizi likanyamaza, hata kondoo.

Akalishika wima. "Ukilishika hivi, pengo liko nyuma. Ni la Hallbera." Akaligeuza. "Ukilishika hivi, liko mbele. Ni la Sturla." Akafungua kitabu cha alama, akapekua, akakifunga. "La nani kati yao, sijui. Kwa vyovyote ni la nyumba ile. Wewe mgeni, una alama humu?"

Bwana Urs hakuwa nayo.

"Basi toka zizini, unatisha kondoo."

Watu walipiga makofi. Bwana Urs alipewa mkate bapa na nyama ya kondoo ya kukausha kwa moshi. Baada ya kipande cha tatu akauliza mtu akitaka kuandikisha alama anafanyaje.

Nilimsaidia shangazi kulifikisha jiwe nyumbani. Alilifuta kwa taulo, akaliweka kwenye kiti cha Sturla, akamimina kahawa vikombe vitatu. Nilijua jiwe halitasema kitu, na nilijua ni kwa sababu yangu mwanamke huyu amengoja miaka miwili.

"Shangazi," nikaanza, "kuna jambo..."

"Nyamaza kwanza."

Aliinama, akaweka sikio juu ya jiwe. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka kahawa yangu ikapoa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, na kweli machozi yalikuwapo, lakini alikuwa anacheka.

"Anasema yule dume alikuwa wake."

Kikombe kilinitoka mkononi. Nikahisi nyusi zangu zikikiri zenyewe.

"Unashangaa nini, mwanangu?" akasema akijifuta macho. "Nimeishi naye miaka arobaini. Lingeniomba radhi, ningejua mmenipa jiwe la mtu mwingine."

Akalisogelea, akalaza kiganja juu ya yale madoa meupe, pale ambapo pangekuwa na bega.

"Haya, Sturla," akasema. "Alikuwa wako."

Chini ya meza Kátur akainua kichwa, masikio wima, akangoja atumwe. Hakuna aliyemtuma.