Bukari Nyeupe

Siku ya fete, sherehe ya shule yetu ndogo ya Katuba, watoto walipanga mezani nyumba na malori waliyofinyanga darasani, na kila mama alileta sufuria yake ya chakula. Mimi, musimamizi wa wadogo, nilifika nimechoka tayari, maana nilipika bukari, ugali wetu, mara mbili.

Sufuria ya pili ilikuwa ya jirani yangu Mama Annie, mutu wa Kasai. Tangu Katanga ijitenge iwe nchi yake, watu wa kwao walikuwa wanafukuzwa nyumba kwa nyumba, wanakimbilia kambi ya wakimbizi. Bukari yao wanachanganya mahindi na muhogo, unaijua kwa macho tu, maana haiko nyeupe kama yetu ya mahindi tupu.

"Mudogo wangu, unipikie nyeupe kama yako," aliniomba. "Tukikaa bila kujulikana, mutoto wangu Annie atamaliza mwaka wa shule."

Mama Donat, mukubwa wa wamama, alifunua ile sufuria, akacheka.

"Ee, Mama Annie! Muhogo iko wapi? Sisi bote tulikuwa tunangojea ile yako ya Kasai!"

Alisema kwa upendo kabisa. Wamama wakacheka, wakamuwekea Mama Annie kipande kikubwa cha nyama. Yeye naye akacheka, lakini hakukula.

"Kumbe bote banajua," aliniambia polepole.

"Yaya, dada yangu, hawa ni bantu bazuri," nilimujibu.

"Ndiyo, bazuri. Na siku basoda na bunduki zabo batabauliza nani ni mutu wa Kasai?"

Akamushika Annie mukono, wakaenda nyumbani kufunga vitu vyao, wakimbilie kambi. Mutoto alikuwa analia njia yote kwamba mwalimu hajamuita bado kuonyesha nyumba yake ya udongo.