Saa ya Kule

Daraja letu si refu. Mtu mwenye magoti mabovu kama yangu hulimaliza kabla sigara yake haijaisha, lakini akifika upande wa pili atakuta saa nzima imekwisha kupita bila yeye. Huku kwetu Maine, Marekani, ikiwa saa kumi jioni, ng'ambo ya mto, Kanada, ni saa kumi na moja. Maji ni yaleyale na ukungu ni uleule. Ndiyo maana watu wa mji wetu hatupeani miadi hivihivi. Ukiambiwa harusi ni saa nane, unauliza kwanza: ya huku au ya kule? Mtoto wa hapa hulijua swali hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Na si saa tu inayogeuka katikati ya daraja. Miaka ile kichupa cha insulini, kidogo kama kidole gumba, huku kiliuzwa dola mia tatu. Kule, kichupa hichohicho, cha kiwanda kilekile, kilikuwa thelathini na kitu. Mimi nimeendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja na sijifanyi msomi, ila sijampata msomi wa kunieleza ni kitu gani kinachoingia ndani ya dawa ile ikivuka maji, hata bei yake ipae mara kumi.

Mume wangu, Hollis, alikuwa na kisukari. Kinu cha karatasi kilipofungwa, bima nayo ikafungwa. Kuvuka hakutaka. Alisema mtu aliyetoa jasho miaka arobaini hapaswi kwenda kubisha hodi kwa jirani kuomba uhai. Basi akaanza kujidunga nusu ya kipimo, kimyakimya, ili kichupa kifike mwisho wa mwezi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Hollis alikuwa fundi wa kuficha. Nilipomwambia amekonda, alinitania kwamba anarudia ujana ili nimpende upya, nami, mjinga mimi, nikacheka.

Niligundua Jumanne moja ya mwezi wa pili. Alikuwa amejiinamia kwenye kiti chake cha jikoni, pumzi yake ikinuka utamu wa matufaha yaliyooza. Gari la wagonjwa alilikataa katakata, akisema bili yake ndiyo itakayommaliza. Nikatazama saa yangu ya mkono: saa kumi na moja kamili. Duka la dawa la ng'ambo hufungwa saa kumi na mbili ya kule. Nikamwambia atulie, nina saa nzima mkononi.

Nilidhani saa yangu inasoma ya kule, kama nilivyoiweka Jumapili nilipovuka kwenda kanisani kwa dada yangu. Kumbe niliporudi niliigeuza ya huku, nikasahau. Kosa hilo hawezi kulifanya mtu wa mji mwingine wowote duniani. Nilikuta kibao cha duka kimegeuzwa na taa zimezimwa, nikagonga kioo mpaka vifundo vikachubuka. Niliporudi nyumbani Hollis alikuwa amekwisha kwenda. Daktari alikadiria saa kumi na moja na dakika kumi, dakika ileile niliyokuwa nikigonga kioo.

Tangu siku hiyo sikuigeuza saa yangu tena. Niliiacha isome ya kule, usiku na mchana.

Jolene ni jirani yangu, binti wa miaka ishirini na sita, mhudumu wa mgahawa wa barabarani. Nilimbeba kwenye basi langu tangu darasa la kwanza. Yeye pia ana kisukari, na yeye pia hana bima. Kiangazi kilipoanza nikamwona anavyokonda na anavyoficha, nikajua filamu hii nimeshaiona. Nikamwambia kila Jumanne nitamvukia mimi, asinibishie.

Tatizo lilikuwa forodha. Dawa ya kutumia wewe au mtu wa nyumbani kwako hupita bila maneno, ya jirani ni kesi nyingine. Katika kibanda cha forodha, palepale darajani, alikuwa Darrell, naye pia mtoto wa basi langu, aliyekuwa amehamishiwa kituo cha mbali na kurejea majira ya kuchipua. Aliinama dirishani akaniuliza, "Ya nani hii, Mama Vila?" Nikajibu kabla sijafikiri, "Ya mume wangu." Akanitazama kidogo. "Nisalimie, basi," akasema, akafungua kizuizi. Nikashukuru Mungu kwamba alikuwa mbali tulipozika.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kama daraja. Nilifika nyumbani, saa ya ukutani ikisoma saa kumi na dakika kumi ya huku. Kiti cha Hollis, nilichokiacha kimesukumwa chini ya meza, kilikuwa kimevutwa nje. Nikaligusa birika, na lilikuwa vuguvugu.

Sikupiga kelele. Niliketi na koti langu mwilini, nikasikiliza. Kulikuwa na mtu anayepumua jikoni mle, polepole, kama anayesoma gazeti. Saa ya ukutani ilipofika saa kumi na moja na dakika kumi, pumzi ikakoma na birika likapoa. Ndipo nikaelewa, au nikajidai nimeelewa: ile saa ninayoipoteza nikivuka, nikirudi ninarudishiwa, na ndani yake Hollis hajafa bado.

Niseme ukweli: nilifurahi. Kila Jumanne nilisema uongo wangu darajani, Darrell akatuma salamu, nami nikakimbilia jikoni. Dawa ya Jolene niliitia kwenye friji na kumpelekea saa yangu ikishaisha. Yeye aliamini huwa narudi saa kumi na moja na robo. Sikuona dhambi. Ni saa moja tu, na mtoto wa watu alikuwa akipata dawa yake.

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja ukungu ulipanda kutoka mtoni tangu asubuhi. Adhuhuri Jolene alinigongea, amejifunika blanketi. Kichupa, akasema, kilimwisha tangu Jumapili. Alikidondosha na kukivunja, akaona haya kuniambia.

"Usinigombeze, Shangazi," alisema. "Nalala kidogo, ukirudi utaniamsha."

Nilimgombeza hivyohivyo. Akacheka, na kicheko chake kikaniletea harufu ya tufaha. Niliisikia. Nikajiambia ni sabuni, nikavuka saa yangu ileile ya kila Jumanne.

Ng'ambo, mfamasia Gaudet alikuwa amekwisha kufunga kifurushi. Huyu hakumjua Hollis ila kwa jina ninalolitaja kaunta. Alinikabidhi dawa huku akitabasamu, akaniambia mzee wangu ana wasiwasi nami leo.

"Mzee yupi?" nikamuuliza.

"Mumeo. Kapiga simu sasa hivi, anauliza kama umefika. Nikamwambia bado. Akasema hamna neno, leo utawahi."

Sikumbuki nilivyofika kwenye gari. Nakumbuka daraja tu, ukungu ukipita mbele ya taa, na Darrell akiinama. Ya nani? Ya mume wangu. Nisalimie. Nilipokata kona ya mtaa wetu, nyumba ya Jolene ilikuwa giza tupu. Dirisha la jikoni kwangu lilikuwa linawaka.

Nilisimama kizingitini na kifurushi mkononi. Saa ya ukutani ilisoma saa kumi na dakika kumi na mbili. Kiti kilikuwa kimevutwa na kunigeuzia mgongo, na juu ya mgongo ule niliona kisogo nilichokinyoa nywele miaka thelathini na minane.

"Umewahi leo, Vila," alisema Hollis.

Miezi tisa nilikuwa nayangoja maneno hayo. Nilikuwa nimeyaota, nimeyaomba kanisani. Machozi yalinitoka, nikasema ndiyo, nimewahi, nisamehe siku ile. Nikaweka dawa mezani. Nikasikia kifungo cha mkono wa shati kikifunguliwa, kitambaa kikikunjwa taratibu. Vidole vyangu vilishakifungua kifurushi na kuishika sindano.

Ndipo harufu ikanifikia, ule utamu wa matufaha yaliyooza, umejaa jikoni hadi darini. Nilikuwa nimeisikia adhuhuri mlangoni pangu. Mara hii pua yangu ilikataa kudanganywa.

"Hii si yako, Hollis," nikasema.

Mkono uliokuwa ukikunja shati ukasimama.

"Ya nani?" akauliza. Aliuliza kama Darrell anavyouliza, bila hasira.

"Ya Jolene."

Nilikichukua kichupa na sindano, nikatoka kinyumenyume mpaka barazani, kwa sababu sikuweza kumpa kisogo. Kisha nikageuka na kukimbia na magoti yangu haya.

Jolene alikuwa sakafuni mwa bafu, macho nusu wazi, anahema haraka kama mtu aliyepanda mlima. Nilipiga simu ya gari la wagonjwa kwanza, bila kuuliza bili, nikamdunga kipimo nilichoelekezwa na mwanamke wa kwenye simu. Nilikaa naye pale, kichwa chake mapajani mwangu, nikimsimulia upuuzi wa kwenye basi, nani alitapika na nani alimng'ata nani. Gari lilipofika, kijana mmoja wa huduma ya kwanza alisema saa moja zaidi na wangebeba maiti. Nilitazama saa ya bafuni: saa kumi na dakika thelathini na tano. Nikahesabu ningekuwa wapi mpaka saa kumi na moja na dakika kumi.

Niliporudi kwangu usiku, jikoni kulikuwa giza. Kiti kilikuwa chini ya meza. Birika lilikuwa baridi, na nililigusa mara nyingi kuliko inavyostahili.

Jumanne iliyofuata Jolene alikuwa amesharudi kwake, amekatazwa kazi. Nikavuka. Wakati wa kurudi Darrell aliinama dirishani kama kawaida yake, akakichukua kifurushi.

"Ya nani hii, Mama Vila?"

"Ya Jolene, jirani yangu. Ukitaka kuichukua ichukue, ila utampelekea mwenyewe kwa mkono wako." Nikazima injini. "Hollis alifariki mwezi wa pili."

"Najua," alisema Darrell. "Nilirudi kuzika. Nilishika jeneza upande wa nyuma, wewe hukuniona."

Nikamuuliza sasa zile salamu zote alikuwa akimpelekea nani. Hakunitazama usoni. Alitazama juu ya kilima, ambako kutoka kibandani mwake nyumba zetu huonekana zimepangana.

"Kila Jumanne ukiwa bado kule," alisema, "taa ya jikoni kwako ilikuwa inawaka. Nikasema basi, si kazi yangu kujua."

"Na leo?"

Nyuma yangu gari lilipiga honi, naye akaliashiria lingoje.

"Leo inawaka ya Jolene tu," akasema, akaniwekea kifurushi mapajani na kufungua kizuizi.

Sikuondoka mara moja. Niliivua saa yangu ya mkono, nikavuta kile kifungo chake kidogo, na palepale juu ya maji nikarudisha mshale nyuma, saa nzima.